Duka la kambale la Magomeni: mzee aliyeikataa hela yangu

Siku ya kwanza nilipofika kwa mzee mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam, anayeuza kambale wadogo wa mapambo wa kufuga ndani ya matangi, nilirudi nyumbani na hela yangu yote. Nilikuwa nimeshachagua kambale sita, wale weusi wenye vidoa vyeupe kichwani na mapezi ya kifuani ya rangi ya chungwa, nimeanza kuhesabu noti. Akanitazama, akalitazama na rundo la madaftari nililobana kwapani, akasema, "Mwalimu, maji ya tangi lako yanafika nyuzi ngapi saa nane mchana?"

Sikujua.

"Chini umetandika nini?"

Kokoto, nikamwambia, zile za rangi rangi.

"Na tangi umelijaza lini?"

Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Akarudisha kifuniko cha tangi lake taratibu, kama mtu anayefunika sufuria ya wali. "Njoo baada ya mwezi." Basi, ndiyo ikawa biashara ya siku ile. Nilikuwa nimepanda daladala mbili kutoka Tabata, jua la Februari utosini, halafu muuza samaki ananikatalia kuniuzia samaki. Niliondoka na hasira ambazo zilinifikisha kituoni bila kuhisi joto.

Sasa ni mwaka wa pili nanunua kwake. Watu wakija nyumbani huuliza kambale hawa nimewatoa wapi, na nikisema tu "Magomeni" hawaelewi, kwa hiyo leo nimeamua kuandika yote, mazuri na mabaya. Jina la duka siwezi kuwapa kwa sababu halina. Ni vyumba viwili vya uani, kibao hakuna, na mlangoni kuna pipa la bluu la maji ambalo usipolijua utapita mara tatu. Ndani kuna matangi kama thelathini kwenye mbao, giza giza, na mlio wa pampu za hewa unaofanana na mafuta yanayochemka.

Lakini kwanza niseme nilikotoka, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini kukataliwa kule sasa nakuita huduma.

Kabla yake nilinunua duka moja kubwa la mjini. Kiyoyozi, taa za bluu, kijana mwenye fulana yenye nembo. Siku hiyo hiyo aliniuzia tangi la lita 80, kokoto za rangi, hita ya shilingi 45,000 na kambale sita aina ya panda kwa 18,000 kila mmoja. Panda ni katika wale kambale wadogo wa Amerika ya Kusini waitwao koridorasi, sisi tunasema kori. Ni mdogo kama kidole cha shahada, mweupe wa maziwa, na doa jeusi machoni. Ukimwona unampenda papo hapo, ndiyo shida yake. "Hawa ni wafagiaji," kijana akasema, "hata chakula usiwape, wanakula uchafu wa wenzao." Wenzao hawakuwepo, tangi lilikuwa jipya, lakini mimi sikujiuliza wangefagia nini.

Kiyoyozi ndicho kilichonidanganya. Panda asili yake ni mito ya Peru inayopokea maji baridi ya milima ya Andes. Anataka nyuzi 20 mpaka 25. Pale dukani walikuwa kwenye nyuzi 24 bila mtu kuhangaika, kwa sababu chumba kizima kilikuwa baridi kama benki. Kwangu sebuleni, mwezi wa kwanza, maji yanafika 30 yenyewe tu, kwa hisani ya bati la nyumba. Na kijana aliniuzia hita. Dar es Salaam. Hita.

Siku ya nne niliona wanapanda juu kwa kasi, wanagusa hewa, wanashuka. Nikawaita watoto waje waone mchezo. Ni kweli kori hupanda kumeza hewa. Ndivyo walivyoumbwa, utumbo wao una uwezo wa kunyonya oksijeni. Lakini hufanya hivyo mara moja moja. Wangu walipanda kila baada ya muda mfupi, na mimi, mwalimu wa kemia, nimesimama pale napiga makofi. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba kama saba na nusu. Somo hilo nalifundisha kidato cha tatu kila mwaka.

Wiki ya pili sharubu zao zilikuwa zimekwisha. Kori hula kwa kuchimba: anaingiza mdomo mchangani mpaka machoni, anatafuna, mchanga unamtoka kwenye matamvua. Ukimwekea kokoto zenye ncha, ni sawa na kumwambia mtu afue nguo kwenye vigae vilivyovunjika. Ncha za sharubu ziliingia wekundu, kisha zikabaki vibutu. Nikapiga simu dukani. "Weka ile dawa ya kijani, vifuniko viwili." Nikaweka viwili. Baadaye, nikiwa nimeshavaa miwani, nilisoma ubavuni mwa chupa maandishi madogo: kwa kambale tumia nusu ya kipimo. Kambale hawana magamba, na dawa nyingi za samaki zimepimiwa wenye magamba. Wa mwisho nilimkuta Jumamosi usiku amelala ubavu nyuma ya hita.

Nililia kidogo, siwafichi. Kisha nikafanya kosa kubwa kuliko yote: nikaosha kila kitu kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe. Tangi, kokoto, hata sponji ya kichujio, vikatakata. Nikajaza maji mapya siku hiyo ya Jumapili na Jumatano nikaenda Magomeni.

Turudi basi kwa mzee. Mwezi sikusubiri, wiki haikuisha nikarudi kubishana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea ndoo iliyogeuzwa nikae. Akaniacha niseme yote. Nilipofika kwenye kuosha sponji akashika kichwa.

"Sasa mwalimu, wale wadudu wako umewaua na nani atakufanyia kazi?"

Wadudu aliowasema ni bakteria. Taka za samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitraiti, wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti ambayo haina ukali ule, na hiyo unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa kwenye sponji, na huchukua kama wiki nne mpaka sita kujijenga. Mzee hana msamiati huo, ila mpangilio anaujua kuliko mimi niliyeusomea. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha sponji kilichokuwa cheusi kwa uchafu, kwenye mfuko ambao mwanzo ulikuwa wa sambusa. "Kamulia hii kwenye tangi lako. Ni mbegu." Nikauliza bei, akakunja uso kama nimemtukana.

Kwa wanaotaka hesabu: kwenye nyuzi 25, maji yakiwa na pH 7 (pH ni kipimo cha asidi na besi, 7 ni katikati), sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu ni kama nusu ya asilimia moja tu. Kwenye pH 8 inakuwa asilimia 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Joto likipanda nayo inapanda. Nilikwenda nyumbani nikapima maji yangu ya bomba, pH 7.6, nikaelewa kwamba wale panda niliwapika na kuwawekea sumu kwa pamoja.

Mchanga alinitafutia mwenyewe suluhisho la bure. Nilitaka kubeba wa ufukweni, mweupe, laini, uko kilomita chache tu. Akakataa: una chumvi na vipande vya makombe, utapandisha pH. "Utie siki uone." Nikatia siki kwenye kijiko kimoja cha mchanga wa pwani, ukatoa povu kama soda. Chokaa. Basi nikachukua wa mtoni kwa mafundi waliokuwa wanajenga kwa jirani, nikauchekecha kwa chekecheo la unga (la zamani, kabla hamjanisema), nikauosha ndoo kumi na moja mpaka maji yakatoka meupe. Ukitiwa siki, kimya.

Joto lilikuwa kazi zaidi. Mzee hauzi mashine za kupoza maji, na hata angeuza nisingeweza. Alichoniambia ni feni ndogo ya mezani, uielekeze iteleze juu ya maji, kifuniko ukitoe uweke wavu. Maji yanavukiza, yanapoa, kanuni ile ile ya mtungi. Yangu yalishuka kutoka 30.5 mpaka 28. Gharama yake ni kwamba kila jioni naongeza kama lita moja na nusu iliyopotea, na sebule ina harufu ya mvua.

Ndipo akaniambia sasa panda niwasahau. Wale wenye mapezi ya chungwa wanaitwa sterbai, wametajwa kisayansi mwaka 1962 kwa heshima ya Mjerumani Günther Sterba, na kwao ni mto Guaporé, Brazil na Bolivia. Hao wanavumilia nyuzi 28 ambazo kori wengi hawaziwezi. Yaani siku ya kwanza nilikuwa nimechagua samaki sahihi kwa bahati tu, kwa sababu ya rangi, na bado alikataa kwa sababu tangi halikuwa tayari. Hili ndilo ninalompa alama zote. Nimefika kwenye maduka matano ya samaki wa mapambo hapa mjini na hakuna lingine nililoulizwa hata swali moja kuhusu maji yangu.

Nilinunua wiki ya sita. Shilingi 25,000 kila mmoja, si rahisi, na hapunguzi. Sita kwa mpigo, hauzi mmoja mmoja. Anasema kori akiwa peke yake hali vizuri, anajificha mpaka anakonda, na mimi nimeshaona ni kweli. Ufungaji wake naomba niueleze, maana wengi tunapoteza samaki njiani na kulaumu tangi.

Kori ana mwiba kwenye pezi la mgongo na kila pezi la kifua. Akishtuka anaufunga ukae wima, na hapo anatoboa mfuko au ananasa kwenye wavu. Kwa hiyo mzee hatumii wavu, anawaswaga kwa kiganja waingie kwenye kibakuli cha plastiki. Halafu, na hili sijaliona kwingine, anawaacha kwenye kibakuli robo saa kabla ya kuwafunga, kisha anayamwaga maji yale na kuweka mapya. Kori akitishika hutoa ute wenye sumu, na kwenye mfuko mdogo anaweza kujiua yeye na wenzake. "Waache waseme hasira zao hapa," anasema. Baada ya hapo mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, pembe zimefungwa kwa raba ili samaki asibanwe kwenye kona, maji theluthi, hewa theluthi mbili, watatu kila mfuko, vyote ndani ya boksi la viatu ili wakae gizani. Nilipanda bajaji na boksi mapajani. Dereva akauliza ni keki?

Wote sita walifika. Niliiacha mifuko ielee juu ya maji nusu saa, nikawa naongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja. Wa kwanza alipotoka alizama mpaka mchangani, akatulia kama jiwe dakika nzima, kisha akaingiza uso wote chini. Mchanga ukamtoka mashavuni kwa vijito viwili, kulia na kushoto. Nilikaa sakafuni pale mpaka mume wangu akaja kuuliza kama tutakula usiku ule.

Wanakonyeza, jamani. Jicho la kori linaweza kuzungushwa chini kwenye tundu lake, ghafla, halafu likarudi, na ukiwa umekaa nao karibu unaapa amekukonyeza wewe. Mwanangu mdogo alijibu kwa kukonyeza wiki nzima mpaka mwalimu wake wa chekechea akaniita.

Sasa bidhaa nyingine nilizochukua pale.

Vijiwe vya kuondoa klorini, anauza vipakti vidogo kwa 2,000. Ni thayosalfeti ya sodiamu tu, ile waliyokuwa wakitumia wapiga picha wa zamani gizani, na inafanya kazi sawasawa. Haisaidii amonia, asikudanganye mtu. Mwenye subira aache maji kwenye ndoo siku nzima na hewa ikipulizwa ndani.

Chakula anachotengeneza mwenyewe: dagaa wasio na chumvi, mchicha uliochemshwa, vikasagwa na kugandishwa kwa jelatini, anakata vipande kama vya haluwa. Kori wanakipenda mno, kinazama, hakisambai. Lakini kihifadhi kwenye friza, na umwambie mama mkwe mapema.

Chakula bora zaidi hakiuzi, alinifundisha tu: viluwiluwi vya mbu. Ndoo ya maji uani, majani makavu kidogo, siku mbili unawakuta wanacheza. Mume wangu aliposikia alisema, "Watu wanaogopa dengi, wewe unafuga mbu?" Ana haki. Kwa joto letu mbu anaweza kutoka ndooni ndani ya wiki moja hivi, kwa hiyo navuna kila siku ya tatu bila kukosa, na nikisafiri ndoo inamwagwa. Mwenye kusahau sahau asijaribu kabisa.

Pampu ya hewa ya betri, ya kuchaji kama simu, 38,000. Hii ndiyo lawama yangu kubwa. Umeme ukikatika, kichujio kinasimama, na kwenye maji ya nyuzi 28 samaki hawana akiba ya oksijeni ya kuchezea. Pampu ilinitoa kwenye aibu mara nne. Mara ya tano, usiku wa manane, ilipiga kelele kama pikipiki iliyokwama, ikanyamaza. Haikuwa imefikisha miezi mitatu. Nikakaa na kikombe nachota maji na kuyamimina kutoka juu mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nilipomrudishia akasema ya betri hana dhamana nayo, imetoka kwa msambazaji hivyo hivyo. Nikamwambia, mzee, kwenye samaki unauliza maswali kama hakimu na kwenye pampu unauza kama machinga? Akacheka, akanipunguzia 10,000 kwenye nyingine. Hiyo ya pili inaendelea mpaka leo, lakini bado nasema angalieni.

Kuna tangi moja pale kwake ambalo haliuzwi kwa mtu wa maji kama yangu. Lina mawe yaliyopangwa mpaka juu, na humo wapo kambale wa Ziwa Tanganyika, wa rangi ya shaba wenye madoa meusi mwili mzima. Siku niliyomchukua mume wangu anisaidie kubeba, alisimama mbele yao kimya. Yeye ni mtu wa Ujiji. "Huyu si gogogo?" Mzee akasema ni ndugu yao. Wana tabia ya ajabu: majike ya baadhi ya samaki wa ziwa lile huatamia mayai mdomoni, na kambale huyu hujipenyeza pale wanapotaga, akatupa ya kwake katikati. Mama wa watu anayakusanya yote. Vifaranga vya kambale huwahi kuanguliwa, vikala vya mwenye nyumba humo humo mdomoni. Jambo hili liliripotiwa na mtafiti wa Kijapani mwaka 1986. Mume wangu hakuamini, akampigia simu kaka yake aliyeko Kigoma, naye hakuamini. Kilichomuuma zaidi ni bei, na kwamba kwa maelezo ya mzee hawakutoka Kigoma bali walizalishwa kwenye matangi Ulaya, wakaja kwa ndege. "Yaani tumeuziwa mtoto wetu," akasema, na njia nzima ya kurudi akawa anairudia. Maji ya ziwa lile yanakaribia pH 9. Yangu 7.6. Mzee akatuambia twende zetu.

Mwezi wa saba mwaka jana, kipupwe, nilibadilisha maji karibu nusu ya tangi na yalikuwa baridi kidogo, nyuzi 24. Asubuhi yake nilisikia mpigo wa maji. Dume wawili walikuwa wanamfuata jike mmoja kioo hadi kioo. Jike akabandika mdomo ubavuni mwa dume, wakatulia kwa umbo la herufi T, sekunde kumi labda. Alipoachia, mapezi yake ya tumboni yalikuwa yamekunjwa kama viganja vya mtu anayepokea karanga, na ndani yake mayai matatu. Akapanda kwenye kioo, akakisugua kwa mdomo kama anayepima kama ni kisafi, akayabandika. Yai moja ni kama milimita mbili, rangi ya asali. Nilichelewa kazini. Niliandika kwenye daftari la mahudhurio "dharura ya kifamilia" na sijutii.

Nilihesabu 63. Nikayabandua kwa kidole, maana ni magumu kuliko yanavyoonekana, nikayatia kwenye bakuli lenye pampu. Mengi yaliota ukungu mweupe. Siku ya nne yakaanguliwa 29. Mzee aliniuzia mayai ya atemia, vile vijidudu vya maji ya chumvi, unaviangulia kwenye chupa kwa siku moja na kuwalisha watoto. Walioishi ni 11. Nikampelekea mzee watano walipofika sentimita mbili na nusu, akawatazama kwa tochi mmoja mmoja, sharubu, mapezi, tumbo, akakubali wanne na kumrudisha mmoja. "Huyu ana pezi limepinda, mlee mwenyewe." Wanne hao walilipa chakula cha miezi minne. Aliyepinda ndiye mkubwa kuliko wote sasa.

Mengine ya kujua kabla hamjaenda. Simu hapokei, hata ukimpigia ukiwa mlangoni. Ijumaa hafungui mpaka baada ya swala ya alasiri, na Jumamosi asubuhi anasafisha, ukienda atakushikisha mpira wa maji. Chenji hana, lipa namba ameweka mwaka huu kwa kulazimishwa na mjukuu wake, na ukitaka kulipa humo umtafute huyo mjukuu. Hapeleki samaki majumbani. Samaki akifa ndani ya siku tatu anataka umletee maiti pamoja na maji, na akiona kosa ni lako hakurudishii hata shilingi. Mimi nilikataliwa mara moja na nikakubali kimoyomoyo kwamba ni haki, mdomoni sikukubali. Ana samaki mmoja wa kusafisha mwani ambaye maduka mengine humuuza akiwa kama kidole bila kusema atafika kama mkono. Yeye anaye mmoja tu, mkubwa, kwenye pipa, kwa ajili ya kuwaonyesha wateja. Na anaongea. Tenga saa nzima.

Nendeni na maji ya tangi lenu kwenye chupa, atayapima bure kwa matone. Iwe chupa ya maji tu. Mimi safari ya tatu nilibeba kwenye chupa iliyokuwa na juisi ya embe, nimeisuuza mara mbili, akainusa, akanirudisha Tabata.